Mjomba ameniletea pikapu, na juu ya bei ameweka chake

Kwako Mshauri,

Nina miaka 37, ni mama wa watoto wawili, naishi Kahawa West. Kazi yangu ni kusambaza viazi na mboga kwa shule na mikahawa ya upande wa Roysambu, Zimmerman na Githurai. Alfajiri unanipata Marikiti. Pikapu inayonibebea mzigo si yangu. Nalipa shilingi 3,500 kwa safari, mafuta na dereva yakiwa juu ya mwenyewe, siku tano kwa wiki. Kuna asubuhi simu yake inazimwa, na mimi nimesimama na magunia barabarani huku mpishi wa shule ananiuliza watoto watakula nini.

Ndiyo nikaamua ninunue yangu. Sacco imenikubalia mkopo wa 1,500,000, nilipe karibu 39,500 kila mwezi kwa miaka minne. Mmoja wa wadhamini wangu ni mama yangu mzazi, mwalimu mstaafu.

Sasa kuna mjomba wangu, kakake mama. Shughuli yake ni magari. Hana yadi, lakini anashinda kwenye yadi za Ngong Road akiunganisha wauzaji na wanunuzi. Nilipomweleza haja yangu hakukawia, akaniambia amepata Isuzu D-Max ya dizeli, kabini moja, ya 2016, mali ya mkandarasi wa Ruiru. Bei ilikuwa 1,650,000. Baadaye akanipigia kwamba amenipigania mpaka imeshuka 1,600,000. "Hiyo ndiyo bei ya mwisho, mpwa wangu, na ni kwa sababu ni wewe."

Jumamosi tukaenda kuiona kwenye kituo cha petroli kando ya Thika Road. Ilikuwa safi, imeoshwa mpaka chini ya boneti. Mjomba akapokea simu, akajitenga hadi kwenye pampu ya upepo. Mwenye gari, mzee mpole tu, akanigeukia: "Sasa mama, hiyo pesa utaitoa yote pamoja ama kwa awamu?" Nikamuuliza pesa gani. Akasema, "Si ile milioni moja, laki nne na themanini niliyoongea na mzee?" Nikamwambia nitampigia. Mjomba aliporudi tukaanza kuzungumzia mvua.

Tofauti ni 120,000. Mume wangu amewaka. Anasema tumpigie mwenye gari moja kwa moja, kwani namba yake imeandikwa kwenye mlango wa pikapu. Mama naye anasema ninyamaze, kwa sababu baba alipofariki ni mjomba aliyenilipia karo ya sekondari mpaka nikamaliza, na laki moja ni kitu gani mbele ya hayo. Mjomba anapiga simu asubuhi, mchana na jioni. Anasema kuna mnunuzi wa Kitengela anakuja na pesa taslimu, kwa hivyo nimtumie arubuni ya 100,000 kwa M-Pesa leo usiku ili gari lisiende.

Mimi Marikiti naweza kuvutana bei ya gunia na mtu yeyote. Lakini sijui kujadiliana na mtu niliyekua nikimwamkia shikamoo. Bei ya haki hapa ni ipi? Nimwambie kwamba najua? Au niende kwa mwenyewe?

Niliyekwama,
Kahawa West

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu,

Pole kwa yaliyokukuta pale kituoni. Kusikia bei kutoka kwa mtu baki, huku aliyekuleta amesimama hatua chache kando na simu sikioni, kunauma kuliko hizo pesa zenyewe. Na ulifanya vyema kuzungumzia mvua, maana hakuna neno lililokwisha kusemwa ambalo sasa utahitaji kulirudisha.

Nikikuelewa sawasawa, unahitaji gari la kazi, una milioni moja na nusu wala si zaidi, na mtu uliyemwamini amekutajia bei yenye 120,000 zake ndani bila kukwambia. Mume anataka mumruke. Mama anataka unyamaze. Na usiku wa leo kuna simu inayosubiri ujumbe wa M-Pesa.

Nianze na huo ujumbe, kwa kuwa mengine yote yanaweza kungoja kidogo. Huyo mnunuzi wa Kitengela ni maarufu sana mjini. Kila gari linalouzwa Nairobi lina mnunuzi wake wa Kitengela, au wa Rongai, aliye njiani na pesa taslimu. Inawezekana safari hii yupo kweli, sikatai. Lakini fikiria ukituma 100,000 kwa simu ya mjomba, bila karatasi, kisha fundi akukute na habari mbaya za injini. Utamdai nani? Mkandarasi atasema hakupokea kitu. Utabaki kumdai mjomba, kila siku, laki moja aliyokwisha kuitumia kwa mambo yake, na hapo uhusiano unaoulinda sasa utakuwa umeingia kwenye shida kubwa kuliko hii. Arubuni si jambo baya ikilipwa kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye logibuku, yaani cheti cha umiliki wa gari, kukiwa na maandishi yenye sahihi yanayosema itarudishwa iwapo ukaguzi utaonyesha kasoro. Kumwambia mjomba "Sacco hawatoi pesa mpaka karatasi ziwe tayari" si ukosefu wa adabu, na pengine ni kweli pia. Waulize Sacco kabla hujamjibu.

Sasa hizo 120,000. Hukuandika neno wizi, lakini nimeliona likizunguka kwenye barua, hasa pale penye mume wako. Udalali wa magari hapa kwetu mara nyingi hufanywa hivi hivi. Mwenye gari humwambia broka, "Mimi nataka yangu kiasi hiki mkononi, chako weka juu." Hakuna asilimia, hakuna mkataba. Huenda mkandarasi anajua kabisa kwamba kuna cha juu, ila hakujua kwamba wewe hujui. Na mjomba, asiye na mshahara, hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Wewe mwenyewe huwaambii walimu gunia la viazi ulilinunua ngapi Marikiti. Unaweka chako na ni haki yako, kwa kuwa ni wewe uliyeamka gizani.

Ila kuna tofauti, na nadhani ndiyo inayokukereketa. Wewe huwaambii hao walimu kwamba umewapigania. Yeye alikwambia hivyo, akaongeza "ni kwa sababu ni wewe". Kwa maneno hayo alijiweka upande wako wa meza huku akilipwa kwa upande ule mwingine. Kama angesema tangu mwanzo, "Mpwa wangu, kwenye gari hili nina kitu changu," sidhani ungeniandikia. Kwa hiyo jiulize kinachokuuma hasa ni kiasi, au ni kufichwa. Nakuuliza kwa sababu dawa zake si moja. Kiasi kinaweza kujadiliwa kikapunguzwa. Kufichwa hakuondoki hata ukipunguziwa zote 120,000.

Kuna jambo jingine ambalo barua yako imelichukua kana kwamba limekwisha: kwamba 1,480,000 ndiyo bei ya kweli, na kinachogombewa ni kile kilicho juu yake. Hiyo ni bei aliyoitaja mwenye mali, na wenye mali nao huacha nafasi ya kushuka. Isitoshe, hebu piga hesabu upya. Ukitoa 1,480,000 kwenye milioni moja na nusu, unabaki na 20,000. Bima ya gari la mizigo hujaikata. Ada ya kubadilisha umiliki hujalipa. Pikapu pia inadaiwa kodi ya mapema ya KRA, mamlaka ya ushuru, ambayo tangu 2023 haipungui shilingi 5,000 kwa mwaka, na ina ukaguzi wa kila mwaka kwa kuwa ni gari la biashara. Bado oili na vichungi vya kwanza, na tairi moja ikiamua kupasuka wiki ya kwanza. Kwa mfuko wako, hata bei ya mkandarasi ni ya juu. Hiyo 1,600,000 ndiyo usiseme. Ungehitaji kukopa laki moja nyingine, na nahofia ungeikopa kwa simu.

Halafu linganisha na unacholipa sasa. Safari zako zinakula karibu 75,000 kwa mwezi. Ukiweka kando ya marejesho ya 39,500 unaona umeokoa karibu nusu. Lakini kwenye ile 3,500 kuna dizeli na dereva. Ukiwa na lako, hivyo vyote vinahamia kwako, pamoja na gereji. Sisemi usinunue. Uhakika wa asubuhi una thamani yake, na mpishi wa shule hangoji mtu. Nasema tu kwamba faida ni nyembamba kuliko inavyoonekana, na kwa faida nyembamba 120,000 ni marejesho ya miezi mitatu.

Kuhusu gari lenyewe, umeniambia limeoshwa mpaka chini ya boneti. Hapo nilishtuka kidogo. Injini iliyooshwa asubuhi ya kuuzwa haionyeshi oili inavujia wapi. Na hii ni pikapu ya mkandarasi, kwa hiyo imebeba kokoto, simiti na vyuma miaka yote hiyo. Omba kuiona tena nyumbani kwake asubuhi na mapema kabla haijawashwa, uweke mkono juu ya boneti uhakikishe ni baridi kweli. Iwashwe ukiwa nyuma yake. Moshi mweusi mzito unaoendelea unaelekeza kwenye injekta au hewa, wa buluu ni oili inayoungua, na mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto ni wa kukutia wasiwasi. Injini ikiwa inanguruma, fundi afungue kifuniko cha oili aone kama inapumua moshi kwa nguvu. Kisha alale chini. Atazame chasisi kama imechomelewa, na springi za nyuma kama zimelala au zimeongezwa vyuma, maana mwenye kuongeza springi alikuwa akizidisha mzigo. Sakafu ya nyuma nayo, ile plastiki ya kufunikia iinuliwe.

Fundi awe wako, si wa mjomba wala wa mkandarasi. Kama huna unayemwamini, AA Kenya, chama cha wenye magari, hukagua na kuthamini magari kwa ada, na ripoti yao huandikwa.

Nimekaa sana kwenye ukaguzi kwa sababu humo naona njia ya lile lililokushinda, la kujadiliana na mtu unayemwamkia shikamoo. Ukisema "Mjomba, punguza," unajisikia kama mtoto anayeomba. Lakini ukiwa na karatasi ya fundi iliyoandikwa tairi nne, klachi na bushi za mbele, na kando yake bei ulizoulizia kwa wauza spea wa Kirinyaga Road, mazungumzo yanakuwa ya klachi. Hujamwambia mjomba amekudanganya, umemwambia klachi imekwisha. Na hiyo karatasi inamfikia mkandarasi pia, ambaye neno "punguza kidogo" lingemtoa elfu tano tu.

Karatasi za gari usiziache kwa mtu mwingine. Kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unaweza kuomba NTSA, mamlaka inayosajili magari, rekodi ya gari kwa ada ndogo, ikakuonyesha ni la nani. Namba ya chasisi iliyo kwenye gari ilingane na iliyoandikwa. Uliza kama logibuku ina jina la benki kando ya la mwenye gari, na utafute pia kwenye sajili ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2017, kwa sababu wakandarasi hukopa na magari yao huwekwa rehani. Pesa ziende kwenye akaunti ya mwenye jina. M-Pesa haipitishi zaidi ya 250,000 kwa mara moja na hundi haizidi milioni moja, kwa hiyo hata hivyo benki itahusika. Na uhamisho wa umiliki ufanywe siku hiyo hiyo, kwani Sheria ya Trafiki inatoa siku 14 tu za kutembeza gari baada ya kubadilisha mikono.

Turudi kwa njia ulizozitaja. Kwenda kwa mwenyewe kimya kimya, kama anavyotaka mume wako, kunaonekana ndiyo njia fupi. Namba iko mlangoni. Lakini mkandarasi anaweza kumpigia mjomba dakika hiyo hiyo, na mjomba atakuwa na neno zito la kusema mbele ya ukoo: "Nilimtafutia gari, akanizunguka." Na atakuwa na haki kiasi, maana kazi ya kulitafuta aliifanya. Kuna namna ya kati, ambapo unamwambia mjomba kwanza kwamba ungependa kuongea bei na mwenyewe, na mkapatana yeye atapata kiasi gani kwa kuwaunganisha, kiasi kinachojulikana na wote. Hatari yake ni kwamba atajua umejua. Wengine hapo huona aibu wakashuka, wengine huona aibu wakawa wakali. Wewe ndiye unayemfahamu.

Njia nyingine ni kuacha kikomo chako kiseme. Kitu kama hiki: "Mjomba, tumepiga hesabu na mume wangu. Pesa ya gari, pamoja na chako, ni 1,400,000. Zinazobaki ni bima na matengenezo. Ikiwezekana kwa hiyo tuendelee, isipowezekana sitakasirika, nitafutie nyingine." Kiasi chenyewe utakipanga ukishaona karatasi ya fundi. Mtu wa Ngong Road atayaelewa vizuri hayo maneno mawili, "pamoja na chako", na hutakuwa umemshtaki kwa lolote. Ubaya wake ni kwamba gari linaweza kwenda, na uliendee kwa moyo ukijua hivyo. D-Max na Hilux zilizotumika hazikosekani Nairobi. Hata kama utaipenda hii, zunguka yadi za Kiambu Road na Ngong Road ukiulizia za mwaka huo na hali hiyo. Zikikutajia bei za karibu, utajua mkandarasi anasema kweli. Zikiwa chini, utakuwa na la kumwambia.

Kunyamaza na kulipa nako ni njia, sitaidharau. Wapo watu wanaolipa kitu kama hicho kwa moyo mweupe na wakasahau. Jaribu kujiona Krismasi, mmekaa naye nyumbani, pikapu imeegeshwa uani. Kama unaweza kumpakulia chakula bila kuhesabu, hilo ni lako. Tatizo linalobaki ni kwamba pesa hizo huna.

Hili la karo naliona ndilo lililokufunga mikono. Alichofanya mjomba baada ya baba yako kuondoka ni kikubwa, na mama hakosei kukukumbusha. Lakini naomba uangalie kama 120,000 zilizofichwa ndani ya bei zinaweza kuwa shukrani. Hajui kwamba unamshukuru, na wewe hukuchagua kiasi. Ungeweza kununua gari kwa bei uliyoijadili kwa nguvu zako zote, kisha ukampelekea mjomba kitu mkononi, kikubwa au kidogo, ukamwambia ni cha nini. Au ukampa baadaye, biashara ikisimama. Sijui kama yeye angeona tofauti. Nadhani wewe ungeiona.

Mama ningemweleza mapema, kabla hajasikia habari nusu kutoka kwa kakake. Usimpelekee kesi ya kuamua. Mwonyeshe tu hesabu: mkopo, bima, kinachobaki. Amekudhamini, na marejesho yakikwama Sacco itagusa akiba yake ya ualimu. Huenda hajaiona hiyo 1,600,000 kwa upande huo.